Anga Lisiwe Shamba la Walowezi

Mwishoni mwa Januari 1967, Halmashauri Kuu ya Taifa ya TANU ilikutana mjini Arusha kutafakari mwelekeo wa nchi yetu. Kikao kilianza tarehe 26 na kumalizika tarehe 29, na matunda yake ni Azimio la Arusha, lililotangazwa tarehe 5 Februari. Katika siku hizo hizo, yaani tarehe 27 Januari, mkataba mwingine ulifunguliwa ili utiwe saini katika miji ya Washington, London na Moscow. Huo ni Mkataba wa Anga la Juu. Unakataza dola yoyote kujitwalia mwezi, sayari au sehemu yoyote ya anga, na unataka matumizi ya anga yawe kwa manufaa ya nchi zote, tajiri na maskini.

Hatusemi kwamba tukio moja lilizaa jingine. Tunalosema ni kwamba vikao hivyo viwili, kimoja cha wakulima na wafanyakazi wa nchi changa na kingine cha madola yenye makombora, vilikuwa vikijibu swali la aina moja: mali ambayo haikuumbwa na mtu, ishikwe na nani, na kwa faida ya nani? Miaka inapita, lakini swali hilo halijapata jibu kamili huko juu. Kwa kweli linaulizwa upya leo, na kwa sauti kali kuliko wakati wowote tangu mkataba ule uandikwe.

Wananchi wa upande wa Momela, chini ya Mlima Meru, hawahitaji kufundishwa uzito wa swali hilo. Jirani na maziwa ya Momela ipo Engare Nanyuki. Mwaka 1946 Serikali ya kikoloni ilimteua Jaji Mark Wilson kuchunguza mambo ya ardhi katika wilaya za Arusha na Moshi. Mapendekezo yake yalichora kwenye ramani ukanda wa mashamba ya Wazungu kati ya Meru na Kilimanjaro, na ndani ya ukanda huo walikuwamo Wameru wenye nyumba, mifugo na makaburi ya wazazi wao. Novemba 1951 walihamishwa kwa nguvu. Mwaka 1952 Hayati Kirilo Japhet alisafiri hadi New York kuwasilisha malalamiko ya Wameru mbele ya Umoja wa Mataifa, miaka mitatu kabla ya Mwalimu Julius Nyerere kusimama huko mwaka 1955. Hoja ya kuwatetea haikupata theluthi mbili za kura katika Baraza Kuu, lakini dunia ilisikia, na Tanganyika ikaamka.

Funzo la Engare Nanyuki ni hili: kabla ya askari kufika, ilifika ramani. Aliyekuwa na ujuzi wa kupima nchi ndiye aliyeamua nchi ni ya nani. Wameru waliijua ardhi yao kwa nyayo zao, lakini hawakuwa na kalamu iliyochora mpaka. Leo kalamu hiyo imepanda juu. Dunia nzima inapimwa, inapigwa picha na kuunganishwa kutoka angani, na wanaofanya kazi hiyo si wengi.

Tuangalie jinsi mambo yalivyobadilika. Urusi ya Kisovieti iliporusha Sputnik tarehe 4 Oktoba 1957, na Yuri Gagarin alipoizunguka dunia tarehe 12 Aprili 1961, anga lilikuwa uwanja wa mashindano ya madola mawili. Marekani ilijibu kwa kuwafikisha watu mwezini Julai 1969. Fedha ilikuwa ya serikali, wataalamu walikuwa wa serikali, na fahari ilikuwa ya serikali. Leo uwanja umepanuka. China ilikamilisha kituo chake cha angani mwaka 2022, na mwaka 2024 chombo chake kilileta udongo kutoka upande wa mwezi tusiouona. India, ambayo ilipata uhuru ikiwa na umaskini usiotofautiana sana na wetu, ilitua karibu na ncha ya kusini ya mwezi tarehe 23 Agosti 2023. India haikufika huko kwa miujiza. Ilianza na shule, vyuo na karakana, ikavumilia kushindwa, ikaendelea.

Badiliko la pili ni kubwa zaidi. Kazi iliyokuwa ya serikali sasa inashikwa kwa sehemu kubwa na makampuni ya watu binafsi. Desemba 2015 kampuni ya Marekani iitwayo SpaceX ilifanikiwa kurudisha ardhini sehemu ya chini ya roketi yake baada ya kupeleka setilaiti angani, ili sehemu hiyo itumike tena. Tangu hapo gharama ya kupeleka mzigo angani imeshuka sana. Mwezi Mei 2019 kampuni hiyo ilianza kurusha setilaiti za mawasiliano kwa makumi katika safari moja, na kufikia mwaka 2025 zaidi ya nusu ya setilaiti zote zinazofanya kazi duniani zilikuwa mali yake. Si jambo dogo kwamba kampuni moja imeshika kiasi hicho cha setilaiti za dunia nzima.

Badiliko la tatu linagusa sheria. Novemba 2015 Marekani ilipitisha sheria inayoruhusu raia na makampuni yake kumiliki madini watakayochimba angani. Luxembourg, nchi ndogo ya Ulaya, ikafuata mwaka 2017. Watetezi wa sheria hizo wanasema hawajitwalii mwezi, bali kile tu kitakachochimbwa kutoka mwezini. Hoja hiyo ina sura ya kisheria, lakini msomaji anayekumbuka historia ya Afrika hatakosa kuitambua. Makampuni yenye hati za wafalme wa Ulaya nayo yalikuja kwa maneno ya biashara tu, na bendera ikafuata baadaye.

Baadhi ya wasomaji watasema kwamba haya ni mambo ya mbali, yasiyomhusu mtumishi wa halmashauri wala mwalimu wa sekondari. Historia ya Afrika Mashariki inakanusha jambo hilo. Miaka ya mwanzo ya 1960 Marekani ilijenga huko Tunguu, Unguja, kituo cha kufuatilia vyombo vyake vya angani. John Glenn alipoizunguka dunia tarehe 20 Februari 1962, kituo cha Unguja kilikuwa miongoni mwa vile vilivyomfuatilia. Kibali chake kilitolewa kwa makubaliano ya Marekani na Uingereza, wala si kwa kura ya Wazanzibari, na wananchi wengi walikipinga kwa kuhofia kwamba kingewaingiza katika vita vya wakubwa. Baada ya Mapinduzi ya Januari 1964, Serikali ya Mzee Abeid Amani Karume iliamuru kiondolewe, nacho kikaondolewa mwaka huo huo.

Upande wa Kenya, Waitalia waliweka jukwaa la kurushia roketi baharini karibu na Malindi, kwa sababu mahali palipo jirani na ikweta hurahisisha safari ya roketi: mzunguko wa dunia wenyewe husaidia kuisukuma. Kati ya mwaka 1967 na 1988 setilaiti tisa zilirushwa kutoka hapo. Mojawapo, iliyorushwa tarehe 12 Desemba 1970, sikukuu ya uhuru wa Kenya, ilipewa jina la Uhuru. Ilikuwa setilaiti ya kwanza duniani kutengenezwa mahsusi kwa uchunguzi wa miali ya eksirei kutoka kwenye nyota, na matokeo yake yalibadilisha elimu ya nyota. Chombo kilitengenezwa na Wamarekani na kikarushwa na Waitalia. Bahari ilikuwa yetu, ikweta ilikuwa yetu, na jina lilikuwa letu. Ujuzi haukuwa wetu.

Lakini historia hiyo ina upande mwingine, nao unatia moyo. Kiasi cha kilomita 36,000 juu ya ikweta ipo njia ambamo setilaiti huizunguka dunia kwa kasi ile ile ya dunia kujizungusha, hata ikaonekana kama imesimama mahali pamoja. Njia hiyo ina thamani kubwa kwa simu, redio na televisheni, na nafasi zake zina kikomo. Kwa muda mrefu kanuni ilikuwa ya anayetangulia ndiye anayepata. Desemba 1976 nchi za ikweta, zikiwamo Kenya, Uganda na Zaire, zilikutana Bogotá na kutangaza kwamba sehemu ya njia hiyo iliyo juu ya nchi zao ni mali yao. Madola makubwa yalilipuuza tangazo hilo, na kisheria halikusimama. Hata hivyo sauti ya nchi changa haikwenda bure. Katika mikutano ya Shirika la Kimataifa la Mawasiliano ya mwaka 1985 na 1988, nchi hizo zilishikamana, na mpango ukakubaliwa wa kuitengea kila nchi angalau nafasi moja katika njia hiyo, hata kama haijawa na uwezo wa kuitumia.

Ni muhimu kuelewa kwamba ulinzi huo haukufika kila mahali. Setilaiti nyingi mpya haziendi kilomita 36,000. Zinazunguka chini zaidi, katika kilomita mia kadhaa tu juu ya vichwa vyetu, na huko hakuna mpango wa kuzitengea nchi maskini nafasi zao. Kule chini kanuni ingali ile ile ya anayetangulia. Kila mwezi unaopita makampuni yanaongeza mamia ya setilaiti, na masafa ya redio yanazidi kushikwa. Siku tutakapokuwa tayari tutaambiwa, kwa upole na kwa lugha ya kitaalamu, kwamba shamba limejaa.

Hata taka za shughuli hiyo hazitubagui. Tarehe 30 Desemba 2024 pete ya chuma ya roketi, yenye upana wa mita mbili na nusu hivi na uzito wa kilo zipatazo mia tano, ilianguka katika kijiji cha Mukuku, Kaunti ya Makueni, nchini Kenya. Kwa bahati njema haikuua mtu. Wanakijiji wale hawakuwahi kuombwa ridhaa, lakini hatari ilikuwa yao. Ikiwa mwananchi wa Afrika Mashariki ana sehemu katika hasara, hakuna sababu ya kumnyima sehemu katika faida.

Faida zenyewe ni zipi? Hapa turudi Momela. Tangu mwaka 1972 setilaiti za Marekani za mfululizo wa Landsat zimekuwa zikipiga picha za nchi kavu yote ya dunia, na tangu mwaka 2008 picha hizo hutolewa bure. Setilaiti za Ulaya za Sentinel, zilizoanza kupiga picha kama hizo mwaka 2015, hupita juu ya kila sehemu kila baada ya siku chache, na picha zake pia ni bure. Maana yake ni kwamba historia ya nusu karne ya maziwa ya Momela, ya msitu wa Mlima Meru, ya mashamba yanayopanda mlima na ya alama za moto wa kiangazi imekwisha kuandikwa. Mlima huo hufunikwa na mawingu siku nyingi, lakini zipo setilaiti za rada zinazoona hata kupitia mawingu. Ofisa misitu, ofisa ardhi au mhifadhi aliyefundishwa vizuri anaweza kukaa ofisini na kuona mahali ambapo mpaka wa msitu umerudi nyuma na mwaka uliporudi.

Hatupendi kutia chumvi. Setilaiti haiwezi kuonja maji. Wananchi wa miteremko ya Meru wanasumbuliwa na floraidi iliyozidi katika maji yao, inayotia meno rangi ya kahawia na kupindisha mifupa ya watoto. Kuitambua floraidi hiyo kunahitaji mtu wa kuchota maji na maabara ya kuyapima. Setilaiti pia haiwezi kumaliza ugomvi wa mpaka kati ya kijiji na hifadhi; kazi hiyo ni ya viongozi wenye haki na wananchi wenye kusikilizana. Lakini pale ramani inapotumika kuamua, ni lazima wanaohusika waweze kuisoma wote, siyo upande mmoja tu. Vinginevyo tutakuwa tumeijenga upya Engare Nanyuki kwa mikono yetu wenyewe.

Kuhusu hali ya hewa hakuna haja ya ubishi. Mwaka 2023 Mamlaka ya Hali ya Hewa Tanzania ilitangaza mapema kwamba mvua za vuli zingeathiriwa na El Niño, na mvua kubwa zikaja. Mwanzoni mwa Mei 2024 mamlaka hiyo ilikifuatilia kimbunga Hidaya kilipokuwa kinakaribia pwani yetu, na kuwaonya wananchi siku kwa siku. Kazi hiyo haiwezekani bila picha za setilaiti. Mkulima anayesubiri masika ili apande mahindi anatumia anga la juu, ajue au asijue. Wale wanaouliza kwa nini tuzungumzie anga wakati shule zina upungufu wa madawati wanauliza swali la haki, na jibu letu ni kwamba mafuriko yasiyotangazwa huchukua madawati na shule pia.

Hata hivyo tunakubaliana nao katika jambo moja: fedha ya wananchi isitumiwe kununua fahari. Mei 2023 Rais Samia Suluhu Hassan alieleza nia ya Tanzania kuwa na setilaiti yake. Nia hiyo ni njema na inastahili kuungwa mkono. Majirani zetu wamekwisha kuanza. Rwanda ilipeleka setilaiti ndogo mwaka 2019. Ya Uganda, iliyotengenezwa na wahandisi vijana wa Uganda waliokuwa wakisoma Japani, ilifika angani mwaka 2022. Kenya ilirusha Taifa-1 tarehe 15 Aprili 2023. Lakini vyombo vidogo vya namna hiyo huishi muda mfupi tu, kisha huteketea vikirudi katika hewa ya dunia. Kinachobaki ni watu waliovitengeneza na wanaojua kuzisoma habari vilizoleta. Nchi inayonunua setilaiti bila kuandaa watu wake imenunua bendera ya gharama kubwa, tena bendera ambayo hakuna anayeiona.

Azimio la Arusha lilitufundisha kwamba maendeleo huanza na watu na ardhi, na kwamba nchi maskini inayoitegemea fedha kama silaha yake imechagua silaha isiyokuwa nayo. Mafundisho hayo yanalihusu anga kama yanavyolihusu jembe. Kwa hiyo tunatoa rai zifuatazo.

Kwanza, kazi ianzie darasani. Hisabati, fizikia na jiografia ndizo roketi zetu za mwanzo. Mwalimu wa jiografia anayefundisha mmomonyoko wa udongo kwa mfano wa nchi ya mbali anaweza leo kuwaonyesha wanafunzi picha za wilaya yao wenyewe, za miaka tofauti, bila malipo. Mahali ambapo hakuna umeme wala kompyuta, picha zinaweza kuchapishwa makao makuu ya wilaya na kusambazwa shuleni. Hilo halihitaji mkopo. Linahitaji ofisa elimu mwenye bidii.

Pili, kila halmashauri iwe na watumishi wanaoweza kusoma picha za setilaiti na kuzilinganisha na hali halisi vijijini. Chuo Kikuu Ardhi kinatoa wapima ardhi. Pale Tengeru, chini ya mlima huo huo wa Meru, ipo Taasisi ya Afrika ya Sayansi na Teknolojia ya Nelson Mandela. Jijini Nairobi kipo kituo cha kanda cha upimaji wa rasilimali kilichoanzishwa mwaka 1975, na Tanzania ni mwanachama wake. Vyombo hivyo vitumike kuwafundisha watumishi walio kazini, na watumishi hao wakirudi wasipangiwe kazi za kugonga mihuri.

Tatu, kila mkataba wa kupima au kupiga picha nchi yetu kutoka angani uwe na masharti mawili: nakala kamili ya habari ibaki nchini, na vijana wetu washiriki kazi tangu mwanzo. Si jambo la heshima kwa mgeni kujua hali ya maji na misitu yetu kuliko ofisa wetu anayehusika.

Nne, Afrika Mashariki iende pamoja. Makao makuu ya Jumuiya yako Arusha. Kila nchi kurusha kisanduku chake chenye bendera yake ni njia ghali ya kujifunza somo moja mara nyingi. Mvua inayonyesha Meru haiulizi mpaka wa Namanga. Setilaiti moja nzuri ya pamoja, inayoendeshwa na wahandisi wa nchi zote wanachama, ingetufaa kuliko nyingi dhaifu. Umoja wa Afrika ulipitisha sera yake ya anga mwaka 2016, na Shirika la Anga la Afrika lilizinduliwa Cairo Aprili 2025. Jumuiya yetu ingeingia humo ikiwa na sauti moja.

Tano, wanasheria na wanadiplomasia wetu wadai katika Umoja wa Mataifa kwamba njia za chini za anga nazo ziwekewe mpango wa haki, kama ilivyofanyika kwa zile za ikweta mwaka 1988. Yaliyowezekana wakati ule yanawezekana sasa, mradi nchi changa zishikamane na zipeleke mezani watu wanaojua masafa ya redio, wala si wasafiri wa kujaza viti.

Kirilo Japhet alikwenda New York baada ya nyumba kuchomwa na watu kuhamishwa. Alipiga kelele kwa ujasiri, lakini mpaka ulikuwa umekwisha kuchorwa. Sisi tuna bahati ambayo yeye hakuipata: mpaka wa anga bado unachorwa. Wajibu wa kushika kalamu hauwaangukii marubani wa angani, ambao hatunao. Unawaangukia walimu na watumishi wa umma, ambao tunao katika kila wilaya. Wafanye kazi hiyo sasa, wakati shamba lingali na nafasi.